Kasoro ya Jibini ya Padri

Kijiwe chetu kiko Ujiji, kwenye kibaraza cha duka ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahamie Uvinza. Benchi ni ubao wa boti iliyochoka, umelazwa juu ya matofali, na umelika kwa makalio ya watu ambao leo hawapo. Zamani tulikuwa tisa, na aliyechelewa alikunywa kahawa yake akiwa amechuchumaa. Adolf akafa. Castory akafuata wajukuu Tabora. Wawili magoti yamewakatalia, mmoja aliokoka akaona kijiwe ni dhambi, na duka likafungwa na mwenyewe. Tumebaki wanaume wanne, na Bi Mwanne muuza kahawa na birika lake, na ubao sasa una nafasi ya mtu kujinyoosha akalala. Mimi wananiita Karani kwa sababu ya kazi yangu ya zamani pale bandarini. Kulia kwangu hukaa Saidi Injini, fundi wa mashine za boti, ambaye kwake kila jambo la dunia lina plagi na pistoni. Kushoto hukaa Omari Redio, asiyezimika. Wa nne ni Feliksi, Muha wa Kidahwe, Mkristo peke yake kati yetu. Tunamwita Padri kwa kuwa ujanani alikuwa mpishi wa mapadri. Padri ndiye mwenye jibini.

Niseme mapema, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Padri anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, na uani ana mbuzi wawili wa maziwa, mmoja anaitwa Mama Mkuu na mwingine Sista. Mwaka juzi homa ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka pua yake ilikuwa imekufa. Hasikii harufu, na ladha anaibahatisha tu. Siku moja aliunguza maharage mpaka jirani akaja kumgongea mlango, kumbe mwenyewe amekaa ubavuni mwa jiko, anashona kifungo. Sasa ana dada yake, Melania, mwenye mgahawa Kasulu. Wateja wake wanapenda jibini laini ya mbuzi, ile ambayo kaka yake alikuwa akiwatengenezea mapadri. Melania akamwambia: njoo, chumba kipo, jiko lipo, tuzeeke pamoja. Padri akajibu kwamba hawezi kwenda kumwaibisha dada yake kwa chakula asichoweza kukionja. Akaja kijiweni na sahani. Akasema, nyie ndio ulimi wangu, siku mtakaposema imekamilika nitapanda gari.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kweli. Maziwa yalikuwa yamechemka mpaka yakafoka, na jibini ikawa inatafunwa kama kandambili. Tukamwambia, akashukuru. Wiki ya pili ilikuwa nzuri. Sisemi nzuri ya kumpoza mtu, nasema nzuri. Nilifungua mdomo nimwambie, nikamwona amekaa mbele yangu, mikono juu ya magoti, anasubiri. Nikautazama ule ubao ulivyobaki mtupu kuanzia pale alipokuwa akikaa Adolf. Nikawaza nyumbani kwangu, ambako nina sahani mbili na moja haijaguswa tangu mke wangu afariki. Nikasema chumvi imezidi. Redio akaonja, akanitazama, akasema imezidi. Injini akasema si sana, lakini kweli imezidi. Hatujawahi kukaa tukalizungumza jambo hilo. Tangu siku ile kila Alhamisi tunaonja, na kila Alhamisi haijakamilika, na leo ni wiki ya kumi na moja.

Padri alifika saa mbili na nusu asubuhi, sahani imefunikwa kwa sahani, akatusalimu kwa Kiha.

Padri: Mwakeye.

Redio: Mwakeye, Padri. Leo umetuletea nini?

Padri: Leo nimeipanga na muhogo wa kuchemsha, na asali kidogo pembeni. Wiki iliyopita mlisema maandazi yanaiua ladha.

Injini: Yaliiua, yakaizika kabisa.

Mimi: Na ile ya kitunguu na pilipili mbuzi?

Padri: Hiyo mlisema inawasha, hamuisikii jibini yenyewe.

Mimi: Kweli, tulisema.

Nilikula nusu sahani ile siku ya kitunguu. Bi Mwanne aliniona. Sasa akatikisa birika lake ajue limebaki kiasi gani, akanimiminia bila kunitazama. Yeye aliacha kuonja tangu wiki ya tatu, anasema jino linamuuma.

Redio: Haya, eleza ulivyofanya. Fundi hahukumiwi kwa kiti, anahukumiwa kwa mbao.

Padri: Jana alfajiri nimekamua. Nikachuja. Nikabandika kwenye mkaa kidogo, nikawa natia kidole. Kidole kilipokataa, nikaepua, sikungoja yachemke. Nikakamulia ndimu tatu, polepole, nakoroga mara moja tu. Nikafunika, nikasali Salamu Maria kumi.

Injini: Kumi za nini?

Padri: Ndiyo saa yangu. Jikoni kwa mapadri hapakuwa na saa. Salamu Maria kumi, ukifunua, maziwa yamejitenga. Mabonge meupe juu, maji ya kijani-kijani chini.

Redio: Ulisali kwa Kiswahili au kwa Kiha?

Padri: Kwa Kiha. Mama yangu ndivyo alivyonifundisha.

Redio: Basi andika hapo, hiyo ni kasoro. Kiha kina kuvuta. Kumi za Kiha ni kumi na tatu za Kiswahili.

Bi Mwanne: Omari, wewe Salamu Maria umezisikia wapi?

Redio: Nina jirani.

Padri: Nikamimina kwenye kitambaa safi, nikakifunga, nikakining'iniza mpaka alasiri, mpaka maji yakaacha kudondoka. Nikaikanda na chumvi, kijiko kimoja cha chai. Basi. Onjeni.

Akafunua. Jibini ilikuwa nyeupe, imelala katikati ya vipande vya muhogo, na juu alikuwa ameichora alama za uma, kama vile wazungu wanataka. Nilichukua kipande cha muhogo cha moto, nikaipaka, nikagusisha asali. Ikayeyuka. Uchachu wa ndimu ukaja kwa mbali, asali ikaufuata, na muhogo ukavituliza vyote. Mimi ni mtu mzima, na nasema bila aibu kwamba machozi yalinilenga. Injini alifumba macho. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alitafuna bila kusema kitu.

Padri: Haya. Semeni.

Injini akakohoa.

Injini: Iko karibu.

Padri: Karibu kwa wapi?

Injini: Sikiliza, mwanangu. Hii kitu haina kompresheni. Wewe unaning'iniza kitambaa hewani, kinabembea tu. Presha iko wapi? Boti bila presha haiwaki, utavuta kamba mpaka bega ling'oke. Ndiyo maana wakasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Padri: Sakafu imeingiaje hapo?

Injini: Imeingia. Ukifika nyumbani utaelewa.

Redio: Aisee, Injini, usimchoshe mtu na mashine. Tatizo ni mbuzi. Yule Sista ulimnunua Mwandiga, si ndiyo?

Padri: Mwandiga, ndiyo.

Redio: Umeona. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Padri: Sista nina mwaka na nusu naye. Na simfungi kamba.

Redio: Mguuni humfungi. Moyoni je? Yule amezaliwa barabarani, amezoea honi, amezoea makondakta. Umemleta kwenye ua wenye mtu mmoja asiyeongea. Mbuzi anashtushwa na ukimya, anabana maziwa. Nilisikia redioni.

Mimi: Redio gani hiyo?

Redio: Ilikuwa inakoroma, sikushika jina.

Padri hakucheka. Akatazama chini, akasema ni kweli, pale uani hakuna wa kuongea naye. Akasema jioni huwa anakaa na wale mbuzi mpaka giza liingie, ila hajui amwambie nini Sista. Hapo nikaona zamu yangu imefika, na badala ya kunyamaza kama mtu mwenye haya, nikafungua mdomo.

Mimi: Mimi naona ni upepo.

Padri: Upepo upi, Karani?

Mimi: Huu wa kutoka ng'ambo. Unatoka Kongo, unalikata ziwa lote, unafika hapa umebeba unyevu na harufu ya dagaa wa nchi mbili. Unaingia dirishani kwako, unakuta kitambaa kinaning'inia, unajifuta humo.

Padri: Dirisha langu linatazama mashariki.

Mimi: Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Unazunguka nyumba, unaingia kwa hila.

Injini: Kweli, hiyo ipo. Lakini kuna kubwa kuliko hilo. Padri, jana mwezi ulikuwaje?

Padri: Mpevu.

Injini: Mpevu! Tunahangaika nini hapa? Mwezi ukiwa mpevu hata wavuvi wa Kibirizi wanalala majumbani. Dagaa wakiona mwanga wanatawanyika, hawakusanyiki kwenye taa. Maziwa nayo ni hivyo hivyo. Yanaona mwanga, yanakataa kujikusanya.

Padri: Lakini nilifanya asubuhi. Na niliyafunika.

Injini: Dagaa nao wamefunikwa, tena na ziwa zima!

Redio: Hapo amemaliza. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Bi Mwanne: Na njia ya mwongo ni fupi.

Bi Mwanne akaanza kusuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

Padri alikuwa akitembeza midomo, anazihifadhi kasoro zake asije akazisahau: presha, ukimya wa Sista, upepo, mwezi. Alifanya hivyo kila Alhamisi, na kila Alhamisi nilijiambia kuwa ijayo nitamweleza. Ijayo ikifika, ninamwona anavuka barabara na sahani yake, ninafurahi kama mtoto, nami ninanyamaza tena.

Padri: Jana Melania alipiga simu. Nikamwambia wazee bado hawajaridhika.

Mimi: Akasemaje?

Padri: Akasema, sawa, kaka.

Redio: Dada mwelewa huyo.

Padri: Sijui. Sauti yake sikuipenda.

Hapo pikipiki ikasimama mbele ya kibaraza. Akashuka mama wa miaka kama arobaini, amejitanda kitenge, na nyuma ya pikipiki kulikuwa na gunia la dagaa wakavu limefungwa kwa mpira. Akatusogelea.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, tukaitikia.

— Naitwa Marcelina, nimetoka Kasulu, nafanya kazi mgahawani kwa Mama Melania. Nimeshuka kununua dagaa Kibirizi. Nimeelekezwa kwamba Mzee Feliksi hukaa hapa.

Padri akainuka, akamshika mikono yote miwili.

— Ni mimi, mwanangu. Dada yangu mzima?

— Mzima, mjomba. Anakusalimu sana.

Bi Mwanne akapangusa benchi kwa ncha ya khanga.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa, mama, unywe kahawa.

Marcelina akakaa pale pa Adolf. Akapokea kikombe, akanywa funda moja, halafu akakiweka chini kama mtu aliyetumwa neno zito.

— Mjomba, Mama Melania kasema nikuone kwa macho yangu. Kasema nikuulize kama unaumwa, au kama hutaki kuja ila unaona vibaya kumwambia. Chumba kila Jumamosi nakifagia mimi mwenyewe. Sasa wateja wanamsumbua, amepata mpishi wa Kibondo, anaanza Jumatatu kama wewe hujafika.

Padri: Siumwi, mwanangu. Na kuja nataka. Ni hii jibini. Bado ina kasoro, wazee wananisaidia kuitafuta.

Akamsogezea sahani. Sikuweza kumzuia, na ningemzuia kwa neno gani? Marcelina akachukua muhogo, akapaka jibini, akala. Akachukua mwingine, bila asali safari hii. Akautafuna polepole, anatazama barabarani. Halafu akaizungusha sahani, akaichukua ile iliyobaki pembeni kwa kidole, akailamba.

— Ndiyo hii yenye kasoro? akauliza.

— Ndiyo hiyo, akasema Padri.

Akatugeukia sisi. Hakuwa na shari. Aliuliza kama mtu anayetaka kujifunza kwa wanaojua.

— Kasoro yake ni ipi, wazee?

Injini akaanza kukwangua grisi kwenye kucha. Redio akazimika. Mimi nilitazama kikombe changu, kilikuwa na mashapo ya kahawa tu. Dakika tano kabla tulikuwa na Kongo nzima na mwezi mpevu midomoni, sasa hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kutamka hata neno chumvi mbele ya mama yule.

Bi Mwanne: Mwambieni. Au niwaambie mimi?

Padri akatutazama mmoja mmoja. Si mjinga Padri. Ni mtu aliyeamini watu tu. Nikauona uso wake unaanza kuelewa kabla hajataka kuelewa, na nikaona heri asikie kwangu, maana mimi ndiye niliyeanza.

— Karani, akaniita.

— Haina kasoro, Feliksi.

Jina lake lilinitoka hivyo hivyo. Sikumbuki mara ya mwisho nililitumia lini.

— Ya leo?

— Ya leo haina. Na ya wiki iliyopita haikuwa nayo.

— Tangu lini?

Redio akasema lo, Padri, hayo ya nini tena, tunywe kahawa. Padri hakumsikia.

— Tangu lini, Karani?

— Tangu wiki ya pili.

Akakaa. Akahesabu kwa midomo, kama alivyokuwa akihesabu zile kasoro.

— Zilizokuwa zikibaki nyumbani nilikuwa nawamwagia bata wa jirani, akasema. Nikijua ni mbovu.

Marcelina akainamisha kichwa, akajifunga upya kitenge kilichokuwa kimefungwa vizuri.

Redio: Padri, sikiliza. Tumebaki wanne. Ukiondoka wewe, watatu. Watatu si kijiwe, watatu ni wagonjwa wanaosubiri daktari.

Injini: Tungesema nzuri, ungepanda gari siku ile ile.

Padri: Ningepanda. Melania aliniambia njoo. Nyie hamkuniambia kaa. Wiki zote hizo, hakuna hata mmoja aliyeniambia kaa. Mngesema, ningekaa.

Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuomba sukari iongezwe. Angetutukana ningepumua. Nikajiona nilivyo, mzee mzima niliyeogopa kumwambia mwenzangu kwamba bila yeye asubuhi zangu hazina maana. Nikalisema, japo kwa kuchelewa.

— Basi kaa, Feliksi. Nakuomba. Mimi nyumbani sina mtu.

Akanigusa bega, kwa upole, kama anavyomgusa mbuzi wake kabla ya kumkamua.

— Na hilo nitajuaje kama ni kweli, Karani?

Padri akaikusanya sahani yake, akamwuliza Marcelina kama gari la mizigo la Kasulu bado linaondokea Mwandiga saa nane, na kama wanakubali mbuzi. Marcelina akasema wanakubali. Padri akamsaidia kukaza mpira wa gunia la dagaa, akamwambia atangulie, watakutana Mwandiga. Halafu akamshukuru Bi Mwanne kwa kahawa, akavuka barabara kwenda kuwafungua Mama Mkuu na Sista.